Kuvu ya mpunga na protini inazotema: shajara ya mradi wa blasti, Mwea

Oktoba, mwanzoni

Mradi huu una swali moja. Kuvu ya blasti, ugonjwa unaounguza majani na masuke ya mpunga, inayoshambulia pishori ya Mwea, Kenya, inatema protini zipi ndani ya jani la mpunga, na kati ya hizo, ni zipi ambazo jeni za ukinzani tulizo nazo zinaweza kuzitambua? Tukishapata jibu tutaanza kuihamishia Basmati 370, mbegu ya pishori yenyewe, jeni inayofaa, na harufu yake ibaki vile vile.

Naandika shajara kwa ajili ya wanafunzi watakaoishika kazi hii baada yangu, na kwa yeyote asomaye Kiswahili anayetaka kujua maabara inafanya nini na majani yaliyougua.

Basmati 370 ni mbegu kongwe. Ilitolewa Punjab mwaka 1933, kabla mifereji ya skimu ya Mwea haijachimbwa miaka ya 1950. Harufu yake ndiyo inayoipa pishori bei, na ndiyo maana wakulima wa Kirinyaga hawaiachi ijapokuwa ni dhaifu mno mbele ya blasti. Mimi sioni busara ya kumwambia mkulima aiache. Kazi yetu ni kuilinda hiyo hiyo anayoitaka.

Jina la kisayansi la kuvu ni Magnaporthe oryzae, na wengine huiita Pyricularia oryzae. Nitaandika "kuvu" tu.

Oktoba, mwishoni

Tulikuwa Tebere na Thiba, sehemu za skimu ya Mwea, kukusanya majani. Mvua za vuli zimeingia, usiku una baridi, na asubuhi umande unakawia kukauka, hali inayoifaa kuvu kabisa. Madoa yanaonekana wazi: yamechongoka ncha mbili kama jicho, katikati kijivu, pembeni kahawia. Mashamba yaliyotangulia kutoa masuke yana kibaya zaidi, blasti ya shingo. Kuvu imekaa pale suke linapoungana na bua, suke limekuwa jeupe na punje ni kapi.

Mama mmoja alituonyesha kona ya shamba lake iliyoanza kuungua kabla ya nyingine.

"Mwanangu, dawa nimepuliza. Mbegu ni ile ile, maji ni yale yale ya mfereji. Mbona kona hii ndiyo ilianza?"

Nilimuuliza kama mbolea ya kukuzia ilimwagwa sawasawa.

"Hapo ndipo vijana walipoanzia kazi, gunia likiwa limejaa."

"Basi ndiyo sababu, mama. Mpunga ulioshiba naitrojeni huwa laini, na ugonjwa huu unaupenda."

Alinielewa mara moja. Kisha akauliza swali lililo gumu zaidi: kama dawa haitoshi, kwa nini mpunga wenyewe haujikingi? Mpunga unajikinga. Basmati 370 nayo ina kinga, na kuvu imebeba protini za kuizima. Nilimweleza hivyo pale ukingoni mwa jaruba, na nilifurahi kuona maelezo yanawezekana bila neno gumu hata moja.

Novemba

Kutenga kuvu. Vipande vya majani vyenye madoa vinawekwa kwenye karatasi yenye unyevu, ndani ya sahani iliyofunikwa, usiku kucha. Asubuhi, chini ya darubini, doa limeota nywele fupi za kijivu, na juu yake zimekaa spora. Kila spora ina seli tatu na umbo la pea. Tunaichukua moja kwa sindano nyembamba na kuihamishia kwenye agari tupu, jeli ya kukuzia kuvu. Lazima iwe moja, kwa kuwa doa moja linaweza kubeba kuvu mbili za asili tofauti, na tukizichanganya kila kipimo kitakachofuata hakitakuwa na maana. Baadaye inahamia kwenye agari ya unga wa mchele ili izaliane, na nakala yake inakaushwa kwenye karatasi ya kuchujia na kuhifadhiwa kwenye friza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Penisilia, kuvu ya ukungu, imevamia sahani kadhaa. Tumezitupa na kurudia kutoka kwenye majani ya akiba.

Wanafunzi wanapenda kuuliza kuvu inaingiaje ndani ya jani ambalo lina nta na ukuta mgumu. Spora ikitua hujigandisha kwa ute ulioko kwenye ncha yake. Ikipata maji inachipua mrija mfupi, na ncha ya mrija inavimba kuwa kuba iitwayo apresoria. Ukuta wa kuba hiyo unajengwa kwa melanini, rangi nyeusi isiyopitisha gliseroli. Ndani, kuvu inarundika gliseroli, maji yanavutwa kuingia, na msukumo unapanda hadi megapaskali 8, karibu mara 40 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Nguvu hiyo yote inaelekezwa chini, kwenye msumari mwembamba unaotoboa jani. Dawa kama trisaikilazoli hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa melanini: kuba haishiki msukumo na kuvu inabaki nje.

Lakini kutoboa ni mwanzo tu. Kuvu ikishaingia inakaa ndani ya seli iliyo hai kwa zaidi ya siku nzima, na seli haifi wala haipigi kelele. Muda huo ndio tunaouchunguza.

Desemba

Nimetumia mwezi huu kuwaandalia wenzangu maelezo ya protini zenyewe. Nayaweka hapa kwa urefu, kwa sababu mradi mzima unaning'inia hapa.

Mpunga unaigundua kuvu kwa njia mbili. Ya kwanza iko nje ya seli. Ukuta wa kuvu umejengwa kwa kitini, na mpunga una kipokezi kiitwacho CEBiP kinachoshika vipande vya kitini. Kikishika, seli inaamka: inamwaga oksijeni yenye sumu, inaimarisha kuta, inatoa vimeng'enya vya kuivunja kuvu. Njia ya pili iko ndani ya seli, na nitaifikia.

Kuvu inazijibu njia zote mbili kwa kutema protini ndogo, ambazo watafiti huziita efekta. Zimegawanyika kulingana na mahali zinapokwenda. Kundi la kwanza linabaki katika nafasi iliyo kati ya kuvu na utando wa seli ya mpunga. Humo mna Slp1, iliyoelezwa mwaka 2012. Slp1 inashika vipande vya kitini kabla CEBiP haijavipata, na mpunga unakosa taarifa. Kuvu iliyoondolewa jeni hiyo bado inatoboa jani, lakini inaenea kwa shida na madoa yanapungua. Nikitakiwa nitoe mfano mmoja tu wa protini inayotemwa na kuongeza makali ya ugonjwa, nitautoa huu. Slp1 haimuui mtu wala mmea, haina sumu, inaondoa ushahidi.

Kuvu ya nyanya iitwayo Cladosporium fulvum inafanya vivyo hivyo kwa protini yake Ecp6, na ina nyingine, Avr4, inayoufunika ukuta wa kuvu ili vimeng'enya vya mmea visiutafune. Ni kutoka kwenye kuvu hiyo ya nyanya ambapo maabara ya Pierre de Wit kule Wageningen ilipata Avr9 mwaka 1991, jeni ya kwanza ya aina hii kutengwa kutoka kwenye kuvu yoyote.

Kundi la pili linavuka na kuingia ndani kabisa ya seli ya mpunga. Protini hizi hukusanyika kwanza mahali pamoja, kwenye kinundu kinachoonekana karibu na ncha ya uzi wa kuvu unaovamia, kiitwacho BIC kwa kifupi. Ukiziunganisha na protini ing'aayo unakiona kinundu kinawaka kama nukta moja, ilhali protini za kundi la kwanza zinang'aa kuuzunguka uzi wote. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba makundi haya yanatemwa kwa njia tofauti. Dawa ya brefeldini A, inayozuia Golgi, njia ya kawaida ya seli ya kusafirisha protini nje, inalikwamisha kundi la kwanza na kuliacha la pili likipita. Yaani kuvu ina milango miwili, na ule wa pili unategemea protini za eksosisti, kundi linalosaidia vifuko vya seli kumwaga vilivyomo nje, kama Exo70 na Sec5. Mwaka 2023 ikaongezwa kwamba seli ya mpunga yenyewe inazimeza efekta hizo kwa vifuko vyake vilivyofunikwa na protini ya klathrini, vile vile inavyomeza vitu vyake vya kawaida.

Zikishaingia zinafanya nini? AvrPiz-t inaikamata APIP6, protini ya mpunga inayosaidia kuamsha kinga. Pwl2 inaishika HIPP43. AVR-Pik inashika protini za jamii hiyo hiyo ya HIPP, zenye umbo lililokusudiwa kubeba madini kama shaba. Mtu asiyefanya kazi hii anaweza kushangaa kwa nini kuvu ihangaike na wabeba madini. Jibu la sehemu lilitoka Japani mwaka 2009: jeni ya mpunga iitwayo Pi21 inatengeneza protini ya aina hiyo, na mpunga ambao Pi21 yake imeharibika unapata blasti kidogo zaidi. Kumbe protini hiyo inapokuwa nzima inaipunguza kinga, na kuvu ina faida kuishikilia.

Sasa ile njia ya pili ya kinga. Ndani ya seli mpunga una protini za ulinzi, kila moja ikitambua efekta fulani. Zikikutana, seli inajiua papo hapo, na kuvu inayohitaji seli hai inakwama humo. Hizo ndizo jeni za ukinzani wakulima wanazozisikia kwa majina ya Pi: Pita, Pik, Pi9. Kila moja ina efekta yake: Pita inaitambua AVR-Pita, Pik inaitambua AVR-Pik, Pi9 inaitambua AVR-Pi9. Harold Flor aliuona utaratibu huu wa jeni kwa jeni miaka ya 1940 kule North Dakota, kwenye kutu ya kitani, hata kabla umbo la DNA halijajulikana.

Kwa hiyo protini ile ile inayoipa kuvu makali ndiyo inayoifichua. Kuchagua jeni ya ukinzani bila kujua efekta zilizoko shambani ni kubahatisha, na mkulima ndiye anayelipa.

Januari

Kazi ya kompyuta. Tunatafuta orodha ya protini zote ambazo kuvu inaweza kuzitema, tukianza na jenomu ya marejeo (DNA yote ya kuvu moja inayotumiwa kulinganishia nyingine), ya kuvu iitwayo 70-15, iliyochapishwa mwaka 2005 ikiwa na jeni takriban 11,000 na kromosomu 7.

Protini inayotemwa kwa kawaida huanza na kipande cha asidi amino (viungo vinavyojenga protini) kama 20 hivi chenye sehemu inayochukia maji, kinachoielekeza kwenye njia ya kutokea kisha kukatwa. Programu ya SignalP, iliyotengenezwa Denmark, inakitafuta kipande hicho. Baada yake tunaziondoa protini zenye mihimili ya kukaa ndani ya utando, maana hizo haziendi popote, na zile zinazofungwa kwenye ukuta wa kuvu yenyewe. Zinazobaki tunazipitisha kwenye EffectorP, programu ya Australia iliyofunzwa kutambua efekta. Kutoka maelfu tumebaki na mamia. Nyingi ni fupi, zina sisteini (moja ya asidi amino) nyingi, na hazifanani na protini yoyote ya kiumbe kingine.

Kisha nikatafuta AVR-Pik ndani ya orodha. Haipo. AVR-Pia haipo. AVR-Pii haipo. Mwanafunzi wetu alidhani programu imekosea, akarudia kwa kutafuta moja kwa moja kwenye DNA. Bado hakuna kitu.

Programu iko sawa. Kuvu ya 70-15 ni ya maabara, imezaliwa kwa kupandanisha Guy11 ya Guyana ya Kifaransa na ukoo ambao ndani yake mna kuvu ya nyasi ya Eragrostis. Jeni hizo tatu hazimo katika jenomu yake. Zilipatikana mwaka 2009 baada ya watafiti wa Japani kuisoma jenomu ya kuvu nyingine, Ina168, na kuzikuta kwenye vipande vya DNA ambavyo 70-15 haina kabisa. Nataka kila anayesoma shajara hii alishike hili: efekta muhimu kuliko zote kwa mkulima zinaweza kukosekana kwenye jenomu inayotumiwa na dunia nzima. Orodha iliyotokana na kuvu moja ni mwanzo tu. Tukitaka kujua za Mwea, tusome za Mwea.

Januari, mwishoni

Umeme ulikatika usiku na inkubeta ikapoa. Kuvu zimechelewa kukomaa, nakala za friza ziko salama. Tunaendelea.

Februari

DNA imetolewa kwenye sampuli zote tulizotenga. Tunapima kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, uwepo wa AVR-Pita, AVR-Pik, AVR-Pi9 na AVR-Pia. Kwenye jeli, mstari ukionekana jeni ipo. Usipoonekana, kuna maelezo mawili: jeni imeondoka, au ipo ila herufi za DNA zimebadilika pale praima (kipande kifupi cha kuanzishia unakili) inaposhika. Kwa hiyo kila mstari uliokosekana tunaupima tena kwa praima za upande mwingine kabla ya kuandika "haipo" kwenye daftari.

AVR-Pita ndiyo inayosumbua, na historia yake inaeleza kwa nini. Inakaa mara nyingi karibu na ncha ya kromosomu, sehemu inayovunjika na kuungwa upya kirahisi, na imezungukwa na vipande vya DNA vinavyorukaruka. Watafiti wa Japani walipoilinganisha katika kuvu nyingi mwaka 2011 waliikuta kwenye kromosomu tofauti tofauti, wakaona dalili kwamba inapotea na kurudi. Kuvu ikikutana na mpunga wenye Pita, zile zilizoipoteza jeni hiyo ndizo zinazobaki hai na kuzaa. Kwa kuvu inayozaa maelfu ya spora kwenye doa moja, hilo halihitaji misimu mingi.

Kwenye sampuli zetu nyingine ina mstari, nyingine haina, hata za mashamba yanayopakana. AVR-Pi9 imeonekana kwa uthabiti zaidi. Sitasema zaidi kabla ya majani kuthibitisha.

Machi

Majani yameanza kuthibitisha. Kivungulioni tumeotesha seti ya mipunga iliyoandaliwa na IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, pamoja na JIRCAS, kituo cha utafiti wa kilimo cha Japani. Yote ina asili ya Lijiangxintuanheigu, mpunga wa China usio na ukinzani, na kila mmoja umeongezewa jeni moja tu ya ukinzani. Ukipuliza kuvu juu ya seti nzima, mpunga unaosalimika unakuambia ni efekta gani kuvu hiyo imebeba. Sijui kipimo kingine cha ugonjwa wa mimea chenye mantiki iliyonyooka hivi.

Miche ya wiki tatu, spora 100,000 kwa mililita, tone la Tween (aina ya sabuni) ili maji yashike jani, kisha giza na unyevu kwa saa 24. Baada ya siku saba tunasoma madoa kwa kipimo cha 0 hadi 5. Lijiangxintuanheigu imeungua kama ilivyotarajiwa, na Basmati 370 imeungua nayo. Mpunga wenye Pi9 umebaki safi, au na vidoa vya kahawia vidogo kama ncha ya pini, ambavyo ni seli zilizojiua kuizuia kuvu. Wenye Pita unafuata jeli: kuvu zenye mstari wa AVR-Pita zimeshindwa, zisizo nao zimepita.

Kilichonishughulisha ni Pik. Sampuli kadhaa zina mstari mzuri wa AVR-Pik, lakini mpunga wenye Pikp, moja ya aina za jeni ya Pik, umeungua mbele yake huku wenye Pikm, aina nyingine, umesalimika. Efekta ipo, na mlinzi mmoja haioni. Tumepeleka DNA ikasomwe herufi kwa herufi.

Haya ni matokeo ya sampuli chache za msimu mmoja. Yanatosha kuchagua hatua inayofuata, hayatoshi kuieleza Mwea nzima.

Aprili

Tukisubiri herufi, nilisoma tena habari za blasti ya ngano, na naiandika hapa kwa sababu inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Ngano haikuwa mwenyeji wa kuvu hii. Mwaka 1985 ilizuka katika jimbo la Paraná, Brazili. Mwaka 2016 ikafika Bangladesh. Katika msimu wa mvua wa 2017 na 2018 ilionekana Mpika, mkoa wa Muchinga, Zambia, mkoa ambao mpaka wake wa kaskazini ni Tanzania. Mkulima wa ngano wa nyanda za juu za kusini ana haki ya kuijua habari hii kwa lugha yake.

Sababu ya mruko ule ilielezwa mwaka 2017, nayo ni protini inayotemwa. Kuvu za nyasi za jamii ya Lolium zilikuwa na efekta PWT3, na ngano nyingi zina jeni Rwt3 inayoitambua, hivyo kuvu haikuweza kuingia. Brazili ikapanda kwa wingi ngano ya aina ya Anahuac, isiyo na Rwt3. Humo kuvu ikapata pa kuishi na kuzoea. Kisha zikatokea zilizopoteza uwezo wa PWT3, na hizo zikaweza kushambulia hata ngano zenye Rwt3. Hakuna aliyekusudia kuuondoa ulinzi huo. Mbegu ilichaguliwa kwa sifa nyingine, na jeni iliyokuwa ikiilinda ngano haikujulikana kuwa ipo.

Kuna habari njema pia. Kuvu ya Zambia na ile ya Bangladesh zimeonekana kuwa za ukoo mmoja, kila moja ikiwa imefika kivyake, na ukoo huo umebeba AVR-Rmg8, efekta inayotambuliwa na jeni ya ngano Rmg8. Wazalishaji wa mbegu wana mahali pa kuanzia kwa sababu tu mtu alizisoma protini za kuvu kwanza.

Mei

Herufi zimerudi.

AVR-Pik ni protini ya asidi amino 113 tu. Ina sura kadhaa, zimepewa herufi: D, A, E, C na nyingine. Tofauti kati yao ni asidi amino chache, na zote ziko pale inapokutana na mlinzi wa mpunga. Umbo lake lilionekana wazi mwaka 2015: protini ya ulinzi ya Pik imebeba ndani yake kipande kinachofanana na zile protini za HIPP ambazo kuvu inazitafuta. AVR-Pik inakishika kipande hicho na papo hapo kinga inaamka. Pikp inaishika D kwa nguvu na kuzikosa E na A. Pikm inazishika D, E na A. Sura ya C inatofautiana na E kwa asidi amino moja, nafasi ya 67, na inazikwepa zote mbili.

Sampuli zilizoiunguza Pikp na kushindwa na Pikm hazina sura ya D. Jibu la herufi limekubaliana na jibu la majani, na siku ile maabara nzima ilisimama kuangalia skrini moja. Kama tungeishia kwenye mstari wa jeli tungeandika "AVR-Pik ipo, tumia Pik yoyote", na pishori yenye Pikp ingefika shambani ikiwa imeshashindwa.

Kwingineko kazi imekwenda mbali zaidi. Watafiti wa Norwich, Uingereza, wamebadilisha asidi amino chache za Pikp ikaanza kuzitambua E na A. Mwaka 2023 wakakiondoa kabisa kipande cha HIPP na kuweka kipande cha kingamwili cha jamii ya ngamia, na mlinzi akaanza kutambua protini ambayo mpunga haujawahi kukutana nayo. Naamini mlango huu utafunguka hata kwa mazao yetu. Kwa sasa tunatumia kupandanisha kwa kawaida, kwa kuwa mkulima wa Mwea anahitaji mbegu inayoweza kusajiliwa na kuuzwa.

Juni

Uamuzi umefanyika katika kikao cha leo. Hatutategemea jeni moja. Tunaanza na Pi9, iliyotoka kwenye mpunga mwitu Oryza minuta, pamoja na Pikm. Pita tumeiacha, kwa kuwa efekta yake hapa inakosekana mara nyingi mno. Nilipendekeza tuiongeze pi21, yaani ile Pi21 iliyoharibika, maana haisubiri efekta yoyote na kuvu haiwezi kuikwepa kwa kubadili herufi moja. Wenzangu waliikataa kwa awamu hii, na hoja yao ina uzito: kwenye mpunga wa Kijapani ilikotoka, pi21 imekaa jirani na jeni inayoharibu ladha ya wali. Watafiti wa Japani walifaulu kuzitenganisha, ila kwa pishori hatutaki hatari ya ladha mapema hivi.

Kuhusu harufu, hesabu inatupendelea. Harufu ya Basmati inatokana na hitilafu kwenye jeni BADH2, herufi 8 zilizokosekana, kwenye kromosomu ya 8. Pi9 iko kromosomu ya 6, Pik ya 11. Hazibebani, kwa hiyo katika kila kizazi tunaweza kupima zote tatu kwa PCR ya jani dogo na kubakiza miche yenye ukinzani na harufu kabla haijatoa suke. Kila kizazi kitarudishwa kwa Basmati 370 ili sifa zake nyingine zirejee.

Masuke ya kwanza yamekatwa ncha asubuhi, viungo vya kiume vya maua vimeondolewa, na mifuko ya karatasi imefungwa juu yake. Oktoba tutarudi Tebere na Thiba kukusanya kuvu za msimu mpya, kuisoma AVR-Pik na AVR-Pi9 ya kila moja, na tukiona sura ya C tutaubadilisha mpango kabla mbegu haijafika kizazi cha tatu.